Panya, nyoka na kiwanja kisicho na mtu

Maneno ya kamati ya usafi kwa wanachama, mkutano wa mwezi, Baraka

Wazee wetu, mama zetu, vijana, na ninyi majirani mliobaki hapa wakati sisi tulivuka ziwa, leo hatutasema juu ya likelemba wala juu ya kasha ya msiba. Tutasema juu ya panya na nyoka. Tunajua kuna wenye watacheka, watasema: kamati imekosa kazi. Lakini tunaomba masikio yenu kidogo, kwani jambo hili limekwisha kuingia ndani ya nyumba zetu, na sasa linaanza kuingia katikati yetu.

Wote mwajua habari ya mtoto wa mwanachama mwenzetu, yule wa miaka 9. Mbuzi wao alikata kamba, akaingia kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yao, kile kisicho na mtu. Mtoto akamfuata, miguu mitupu. Nyoka akamuuma mguuni, karibu na vidole. Ni yule nyoka mnene, mfupi, mwenye kulala kama kipande cha ukuni na hakimbii ukimkaribia, ambaye wengine wetu tunamwita piri, wengine kifutu.

Usiku ule tulifika pale wengi, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja akafunga mguu kwa kamba ya baiskeli, akakaza kabisa. Mwingine akachanja kwa wembe. Mwingine akaleta jiwe jeusi. Asubuhi ndipo mtoto akapelekwa kituo cha afya, na serumu hapakuwa. Akapelekwa mbali zaidi. Mungu amesaidia, mtoto yuko hai. Lakini vidole vitatu vya mguu vimekatwa, na kama unapita pale utamwona anajifunza kutembea upya.

Kisha maneno yakaanza. Eti nyoka wa namna hiyo haji bure, kuna mtu alimtuma. Na watu wakaanza kumtazama mama mzee anayekaa mpakani na kile kiwanja, mjane, mmoja wa wale waliobaki. Watoto wakakatazwa kuchota maji kwake. Ndugu, tunasema wazi: hapo ndipo kamati iliona hatuwezi kunyamaza.

Tulikwenda kwenye kile kiwanja, watu saba, pamoja na shefu wa avenyu. Tulikaa pale asubuhi nzima. Tutawaambia tuliyoona.

La kwanza, nyasi. Zilimpita mtu mzima. La pili, nyumba ya zamani iliyoanguka: lundo la matofali, miti iliyooza, mabati mawili yamelala chini. Kila tofali uliloinua, chini yake kuna njia. La tatu ndilo linatuuma. Kule pembeni, upande wa nyumba zetu, tulikuta maganda ya muhogo, vichwa vya ndagala, magunzi ya mahindi, vitambaa vya watoto. Takataka za nyumba sita. Hazikutupwa na mchawi. Tulizitupa sisi. Na kati ya wale saba waliokwenda kuangalia, wawili walizitambua kuwa zao. Mmoja wao ndiye anayewasomea maneno haya.

Basi tukaelewa namna ilivyokuwa. Takataka ililisha panya. Lundo la matofali lilimpa nyumba. Nyasi zilimficha asionwe na paka wala na kipanga. Panya akazaa. Na nyoka, ambaye chakula chake ni panya, alifuata sahani yake. Mvua zilipoanza, mashimo yakajaa maji, nyoka akapanda juu pakavu. Mbuzi akakata kamba. Hakuna mtu aliyetuma kitu. Kama mutu alitafuta mwenye kosa, angetazama ndoo ya takataka ya kila mmoja wetu kwanza, kabla ya kutazama mlango wa mama mzee.

Sasa swali: kwa nini kiwanja kile hakikukatwa nyasi tangu miaka yote? Tuliuliza nyumba kwa nyumba, na jibu lilikuwa moja. "Hii parseli si yangu. Mwenyewe iko Nyarugusu. Nikikata, kesho watasema ninataka kumunyanganya."

Ndugu, jibu hilo si la uvivu. Sisi tuliokimbia mwaka 1996 na miaka ile iliyofuata, tunajua namna viwanja vilivyochukuliwa. Wengine wetu tulirudi kutoka Lugufu na Nyarugusu tukakuta mtu amejenga juu ya kaburi la baba yetu. Ugomvi wa mpaka umekwisha kuvunja ndoa hapa, umekwisha kutenganisha ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo kila mtu anaogopa kupiga panga kwenye ardhi ya mwenzake, maana hapa kwetu anayefyeka ndiye anayeonekana anadai. Waliobaki wanaogopa kusema na sisi. Sisi tunaogopa kusema na wao. Na katikati ya hofu hizo mbili, panya amepata ufalme.

Kwa hiyo kamati inaleta kwenu shauri hili. Tusiue nyoka mmoja mmoja. Tutengeneze mahali, ili nyoka asiwe na sababu ya kuja. Na kazi hiyo nyumba moja haiwezi. Ukifagia kwako na jirani hafagii, panya atakula kwa jirani na kulala kwako.

Tuanze na yale ambayo kila mtu anaweza kuyafanya nyumbani kwake.

Panya anatafuta vitu vitatu tu: chakula, maji na maficho. Mjue pia namna anavyozaa. Panya jike anabeba mimba siku 22 hivi. Yule panya wa shamba, wa rangi ya udongo, anayeingia nyumbani wakati wa mavuno, mara nyingi anazaa watoto 10 ao zaidi kwa mara moja, na hao watoto wenyewe wanaanza kuzaa kabla hawajamaliza miezi minne. Kwa hiyo ukiua panya watano leo na chakula kiko bado chini, mwezi ujao utakuta wengine mahali pao. Mtego ni mzuri, lakini mtego bila kufunga chakula ni kuchota maji kwa kikapu.

Chakula kifungwe. Kwenye kambi tulizoea kuweka unga wa posho ndani ya gunia chini ya kitanda, kwani hatukuwa na pengine. Hapa tuko na pengine. Bidoni ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, ao dramu, inatosha kuweka mbegu ya karanga na maharagi ya nyumba moja. Mwaka huu mama watatu kati yetu walifungua gunia la mbegu siku ya kupanda wakakuta maganda na mavi ya panya. Mbegu ile ilikuwa ya mkopo wa chama. Hayo nayo ni hasara yetu wote.

Wenye ghala ya mahindi, miguu ya ghala ipite metro moja kutoka chini. Chini kidogo ya sakafu yake, kila mguu uvalishwe bati la kukunja kama kofia iliyogeuzwa chini. Panya akipanda mguu, anafika pale anakwama. Bati kuukuu linafaa, hata la dumu la mafuta. Lakini msiegemeze ngazi usiku kucha, wala msiache tawi la mwembe likigusa paa, kwani hapo mumempa daraja.

Matundu yazibwe. Panya mkubwa anapita kwenye tundu la upana wa kidole gumba, na yule mdogo wa nyumbani anapita mahali ambapo kalamu inapita. Udongo mtupu anautoboa usiku mmoja. Changanyeni udongo na vipande vya chupa ao vya mawe, ndipo muzibe.

Kuni na matofali visiegemee ukuta wa nyumba. Viwekwe mbali, juu ya miti miwili, hewa ipite chini. Banda la kuku pia liinuliwe kutoka chini, na mayai yaokotwe kila siku. Kuku anayelala chini ya kitanda cha mtoto anamwita nyoka chini ya kitanda cha mtoto.

Mtego wa ndoo mnaujua? Chukueni ndoo, tieni maji hadi nusu. Pitisheni waya juu ya mdomo wa ndoo, na kwenye waya mtie kopo tupu linaloweza kuzunguka. Pakeni kopo siagi ya karanga, ao mawese na unga. Wekeni kijiti cha kupandia. Panya anakanyaga kopo, kopo linazunguka, naye anaingia majini. Usiku mmoja ndoo inaweza kushika wengi. Lakini kama kuna mtoto mdogo nyumbani, ndoo iwekwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani ndoo ya maji inaweza kumzamisha mtoto. Panya waliokufa msiwashike kwa mkono mtupu. Tieni mkono ndani ya sashe, wazikeni mbali na kisima, kisha nawa kwa sabuni. Mkojo wa panya unaleta magonjwa.

Sasa dawa ya panya. Hapa tunaomba sana. Vile vipakiti vinavyouzwa sokoni, havina jina, havina maandishi, muuzaji mwenyewe hajui ni nini. Mwenzetu mmoja alichanganya na ndagala, akaweka chini ya meza. Panya wawili walikufa. Paka wake akala panya, akafa. Kuku wanne wakadonoa, wakafa. Sasa hana paka, na panya wamerudi. Alimshukuru Mungu kwamba mtoto wake wa kutambaa alikuwa kwa bibi siku ile. Kamati inasema: tusitumie sumu isiyo na jina. Na kama mtoto amekula sumu, msimtapishe, msimpe maziwa mkingoja aone nafuu. Shikeni kile kipakiti, mkimbie naye kituo cha afya palepale, hata kama anacheka bado. Kuna sumu za panya zinazoanza kuonekana baada ya siku kadhaa.

Neno moja juu ya bundi. Wengi tunamwogopa, tunampiga mawe tukisema analeta kifo. Kila mtu ana imani yake, hatutabishana. Lakini chakula cha bundi ni panya, na anafanya kazi hiyo usiku wote bila kudai posho. Mwacheni apite.

Tuje kwa nyoka mwenyewe.

Usiku tembea na tochi, hata kama ni kwenda choo tu. Vaa kitu mguuni. Usitie mkono ndani ya shimo, wala chini ya kuni usizoziona. Lala juu ya kitanda kama unacho, na chandarua kichomekwe chini ya godoro ao mkeka pande zote. Chandarua kile tunakipewa juu ya malaria, lakini kinazuia pia nyoka anayefuata panya ndani ya nyumba usiku. Kile kinachofunikia miche ya nyanya kirudi kitandani.

Ukimwona nyoka uwanjani, rudi nyuma pole pole, ita watu wazima, watoto waondoke. Kuna wanaoumwa kwa sababu walikwenda kumpiga. Petroli, kitunguu saumu, matairi ya kuchoma, tumejaribu vyote, nyoka wanapita juu yake. Kinachomfukuza ni uwanja uliofagiwa.

Na kama mtu ameumwa, tunaomba kila nyumba ishike maneno haya, kwani usiku ule wa yule mtoto sisi sote tulikuwa pale na sisi sote tulikosea.

Msifunge kamba ya kukaza. Kamba inazuia damu, na mguu unaweza kufa. Msichanje, msinyonye. Jiwe jeusi halitoi sumu, linatoa saa. Na saa ndiyo dawa tuliyo nayo.

Fanyeni hivi. Mtulize mgonjwa, alale. Toeni pete, bangili, kiatu, kabla mguu ao mkono haujavimba. Kiungo kilichoumwa kisiende kisirudi: kifungeni kwenye ubao ao kijiti kwa kitambaa, bila kukaza, kama mtu aliyevunjika mfupa. Asitembee mwenyewe, abebwe. Kwenye pikipiki akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshika nyuma. Akitapika, alazwe ubavu. Msipoteze muda kumtafuta nyoka mumpeleke. Mwambieni muganga tu alivyokuwa. Mkiona kope zinashuka, ao anashindwa kumeza, ao damu inatoka kwenye fizi, mwambieni muganga hayo mbele ya yote.

Kuna pia yule swila mwenye kutema mate machoni. Hapo ni maji, maji mengi, haraka, kwa muda mrefu. Msisugue, msitie majani. Kisha kituo cha afya.

Basi turudi kwenye kile kiwanja, kwani bila hicho maneno yetu yote ni bure. Kamati pamoja na shefu wa avenyu tumepatana hivi, na tunaomba mkutano ukubali.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi itakuwa salongo ya viwanja visivyo na watu. Kabla ya kukata, kutaandikwa karatasi. Itasema: nyasi zimekatwa kwa usafi, kazi hii haimpi mtu haki yoyote juu ya ardhi. Itatiwa sahihi na shefu wa avenyu, na majirani wa pande zote nne, waliorudi na waliobaki, na mtu mmoja wa jamaa ya mwenye kiwanja kama yupo hapa. Hakuna mtu atapanda hata shina moja la muhogo. Matofali yatapangwa vizuri palepale, hayatabebwa. Miti ya mpaka haitaguswa. Mwembe ukizaa, embe ni la mwenyewe. Karatasi moja ibaki kwa shefu, moja kwetu, na moja tutaipeleka kwa mwenye kiwanja ng'ambo kwa mkono wa mtu anayesafiri, ili ajue kwake panaangaliwa, na asikie habari kutoka kwetu kabla hajaisikia kwa wengine.

Siku ya kukata, watoto wabaki nyumbani. Wenye buti wavae buti, na wawe na fimbo ndefu ya kupiga nyasi mbele yao. Tutaanzia upande wa nyumba na kwenda upande ulio wazi, ili kilicho ndani kikimbilie porini, kisije jikoni kwetu. Hatutachoma moto. Manyasi ya paa zetu yako karibu sana, na moto haujui mpaka.

Takataka: nyumba sita zile zimekubali kuchimba shimo moja, na majivu yatupwe juu kila jioni. Tunaomba kila nyumba sita zifanye vilevile.

Na pikipiki. Tumeomba kila nyumba itoe franka 500 kwa mwezi, ziwekwe peke yake, kwa ajili ya kumbeba mtu aliyeumwa ao mama wa uzazi usiku. Zisikopwe kwa jambo lingine. Usiku ule tuligombana juu ya nani alipe mafuta hadi jogoo akawika. Hayo tunayasema kwa haya.

La mwisho si kazi ya panga. Mama mzee yule alikuwa na neno alilotuambia siku tuliyokwenda. Alisema yeye aliomba mara nyingi nyasi zile zikatwe, na kila mara akajibiwa kwamba mjane anatafuta ardhi. Kisha nyoka alipouma, akaambiwa ni wake. Tulikosa jibu. Kamati imekwenda kumwomba msamaha, na mzazi wa mtoto alikuwa pamoja nasi. Mtoto mwenyewe alitembea hadi pale na fimbo yake, akaketi, akapewa kikombe cha uji.

Salongo ya kwanza ni Jumamosi hii inayokuja, saa moja ya asubuhi. Tutakutania kwa mama mzee. Njooni na mapanga, na anayekuja bila panga aje na maji ya kunywa.